Mkristo na Kiambo Chake



Kijana mmoja wa usharika wetu hapa Mollo amerudi nyumbani baada ya kukaa mijini muda wa miaka saba. Alikuwa Mbeya, kisha Dar es Salaam, akibeba mizigo sokoni, na baadaye akiendesha pikipiki ya mtu mwingine. Jioni moja alikuja nyumbani kwangu, akaniamkia, akaketi kimya kitambo, ndipo akasema, "Baba Mchungaji, nataka kuanza kiambo. Marehemu baba ameniachia eka tatu. Nataka kujenga, kufuga, kupanda miti, nile vilivyo vyangu, nisiwe mtu wa kununua unga kwa kilo. Lakini ndugu zangu wananicheka, husema nimeshindwa na mji. Tena yuko mtu wa kuomba sana aliyeniambia ya kuwa mwenye kujiwekea vihenge vya kumtosha mwaka na zaidi hana imani, maana Bwana alitufundisha kuomba riziki ya leo. Je, jambo hili ni dhambi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe siku za kufikiri." Naye alicheka kidogo, kwa kuwa alidhani mchungaji anayo majibu yote katika kitabu. Basi nimefikiri, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika hapa kwa sababu najua wako wengi wanaouliza neno hilohilo, ila hawaji kuliuliza kwangu.

Kwanza tuelewane kwa habari ya kiambo. Watu wa pwani huliita hivyo kao la watu wa ukoo mmoja. Mimi nalitumia neno hili kwa nyumba pamoja na yote yaliyoizunguka na kuilisha: shamba la mahindi na ulezi, ntumba za maharage, bustani ya mboga karibu na maji, kuku, mbuzi, ng'ombe wa kukokota plau kwa aliyejaliwa, miti ya kuni na ya matunda, na kihenge. Tena sisi Wafipa tangu zamani hatukukaa mtu peke yake porini. Hata kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 wazee wetu walijenga nyumba zao karibu karibu, na mashamba yakawa nje ya kijiji. Basi nisemapo kiambo, mtu asidhani nasema habari ya kukimbia watu.

Kwa habari ya wale wanaomcheka sitasema mengi. Mtu aliyekaa chumba kimoja cha kupanga, akanunua maji, kuni, unga na hata majani ya maboga, hana sababu ya kumcheka mwenye navyo vyote bila kununua. Kazi ya mjini si aibu, nasi tunapokea sadaka zake kwa furaha. Lakini kudhani ya kuwa jembe ni la mtu asiyeweza neno lingine, huo ni ujinga tuliojifunza shuleni, pale mwalimu alipomwadhibu mtoto mtundu kwa kumpeleka kulima. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika habari ya Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe na shamba lake, lisiwe la adhabu, watoto wajifunze kwalo. Katika shule nyingi shamba lilibaki, lakini adhabu nayo ilibaki.

Neno lililo gumu ni lile la pili. Je, kujiwekea ni kukosa imani?

Yule mtu wa kuomba anayo maandiko mkononi, wala tusimdharau. Bwana alitufundisha kuomba mkate wa kila siku. Alituonyesha ndege wasiokusanya ghalani. Alisimulia habari ya tajiri aliyevunja ghala zake apate kujenga kubwa zaidi, akafa usiku uleule. Na jangwani Waisraeli walioweka mana hata asubuhi waliiona imeingia mabuu. Nani asiyeogopa akisoma hayo?

Lakini tusome mbele kidogo. Siku ya sita ya juma waliambiwa waokote mana ya siku mbili, nayo haikuoza, kwa kuwa aliyewakataza kuweka ndiye aliyewaamuru kuweka. Na katika kitabu cha Yoshua, sura ya tano, imeandikwa ya kuwa mana ilikoma siku iliyofuata baada ya watu kula mazao ya nchi ya Kanaani. Tangu siku hiyo hawakuiona tena. Mungu hakuacha kuwalisha. Aliwalisha kwa njia nyingine, nayo ni njia ya jembe, ya mvua na ya kungoja. Mana ni chakula cha watu wasio na shamba. Mtu mwenye eka tatu za udongo mwema akiketi kungoja mana, huyo haonyeshi imani, anarudi jangwani.

Na hapa Ufipa Mungu ametupa fundisho ambalo halimo katika vitabu vya theolojia nilivyosoma. Ni ntumba. Ninyi mnazijua, lakini gazeti hili husomwa hata na watu wa mbali, basi nitaeleza. Mvua zinapokaribia kwisha, tangu Februari hata Aprili, udongo ungali laini, mkulima huyalima majani pamoja na mizizi yake, huyapindua, huyakusanya, kisha huyafunika kwa udongo, yakawa kichuguu cha upana wa hatua moja hivi. Shamba zima hujaa vichuguu, na mgeni apitaye huuliza kama ni makaburi. Juu yake hupandwa maharage. Ndani yake majani huoza polepole kwa joto, yakawa mbolea. Maharage huvunwa, kiangazi hupita pamoja na baridi yake na upepo wake, na mvua za Novemba zikianza, vichuguu huvunjwa na kutawanywa, na hapo ulezi hupandwa katika udongo ulionona. Hakuna shilingi iliyokwenda dukani. Wataalamu wa kilimo wamekuja toka nchi nyingine kuutazama ujuzi huu na kuuandika, kama walivyoandika habari za mashimo ya ngoro ya Wamatengo huko Mbinga. Sisi wenyewe tuliuona kuwa ni ushamba wa bibi zetu.

Sasa angalieni. Ugali wa ulezi unaowekwa mezani leo, ulianza lini? Haukuanza leo. Ulianza mwaka juzi mwezi wa Machi, mama alipoinama shambani na kuyafukia majani. Basi mtu anayeomba riziki ya leo, anaomba kitu ambacho Mungu alikwisha kukianza zamani, kwa mikono ya mtu aliyefikiri habari ya kesho. Kama mama yule asingalifikiri kesho, leo tungaliomba mbele ya sinia tupu. Bwana alitukataza kusumbuka, maana masumbufu ni kuila kesho kabla haijafika. Hakutukataza kufukia majani.

Dk. Martin Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, pale anapoeleza ombi la nne, hakutaja mkate peke yake. Ninyi mliopata Kipaimara mliyakariri hayo. Anahesabu chakula na mavazi, anahesabu nyumba, shamba na mifugo, anahesabu mwenzi mwema na watoto, serikali njema na hali njema ya hewa, na mwishoni kabisa anataja majirani waaminifu. Nilipokuwa kijana nilidhani orodha ile imerefushwa ili tuumie kuikariri. Sasa naona ya kuwa ameeleza kiambo. Kila tunapoomba mkate twaomba kiambo kizima, na kiambo hicho kina jirani ndani yake.

Tena yeye mwenyewe aliishi katika kiambo, ingawa sifa zake ni za mkewe. Bibi Katharina von Bora alikuwa mtawa aliyetoroka nyumba ya watawa mwaka 1523, akaolewa na Luther mwaka 1525. Walikaa Wittenberg katika nyumba kubwa iliyokuwa ya watawa wa Augustino. Luther alikuwa mtu wa kugawa; fedha haikukaa mkononi mwake, wala hakutaka malipo kwa vitabu vyake. Bibi Katharina akalima bustani, akafuga nguruwe na ng'ombe na kuku, akatunza bwawa la samaki, akapanga wanafunzi nyumbani, akalea yatima, akauguza wagonjwa siku za tauni. Mwaka 1540 walipata shamba huko Zülsdorf, naye akalisimamia mwenyewe, akisafiri huko kwa gari la farasi. Alipika pombe pia, na ilisifiwa. Neno hilo nawaachia wazee wa kanisa. Matengenezo ya Kanisa tunayasimulia kwa habari za mhadhara na kalamu, lakini wale waliokaa mezani pa Luther wakiandika kila neno alilosema, walikuwa wakila viazi gani? Hapana, viazi havikuwa vimefika kwao bado. Walikula kabichi na nyama ya nguruwe ya Bibi Katharina.

Nasema pia yaliyompata baadaye, ili mtu asidhani ya kuwa kiambo ni ngome. Luther alikufa Februari 1546. Vita vikaja, mama mjane akakimbia na watoto wake, na aliporudi alikuta mashamba yameharibiwa na mifugo imekwisha. Alikufa Torgau mwaka 1552, mbali na nyumbani, akikimbia tauni. Kiambo hakikumwokoa. Hakuna kiambo kimwokoacho mtu. Mungu ndiye aokoaye. Lakini kwa muda wa miaka ishirini nyumba ile ililisha watu wasiohesabika, na hilo si jambo dogo.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo ningependa kuliruka, lakini siwezi kuwafundisha nikilificha.

Miaka kadhaa iliyopita jengo la ibada la mtaa wetu mmoja lilikuwa bado la nyasi. Mavuno yakawa mema sana. Malori ya wanunuzi yalisimama barabarani tangu Juni. Mimi nilisimama mbele ya usharika nikahubiri kwa nguvu, kila nyumba itoe magunia kwa ajili ya bati. Nilitaja hata majina ya nyumba zilizotoa, nikazisifu, ili nyingine zione haya. Watu wakatoa. Na kwa kuwa malori yalikuwapo na mizani ilikuwapo, wengi wakauza na mengine, ya karo, ya simu, ya arusi. Bei ilikuwa ndogo, kama ilivyo siku zote wakati wa mavuno, lakini tulifurahi kwa kuwa fedha ilikuwa mkononi. Kabla ya Krismasi tulipaua. Nilipongezwa katika mkutano wa wachungaji, nami nikapokea sifa hizo bila kukohoa.

Januari mvua ikanyesha. Ilipiga juu ya bati jipya kwa kishindo hata sauti yangu haikusikika, nikakatisha mahubiri. Mwezi wa Februari niliona watoto wa Kipaimara wanapungua, walikuwa ishirini na wawili wakabaki kumi na wawili. Nilikasirika, nikadhani ni uvivu. Nikaenda nyumba kwa nyumba kuwakemea wazazi. Katika nyumba ya tatu nilikuta chungu mekoni, ndani yake majani ya maboga yaliyochemshwa, bila ugali. Baba wa nyumba ile alikuwa ametoa magunia matatu kwa ajili ya bati, na jina lake nililisifu mbele za watu. Alinikaribisha kwa heshima. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Mahindi yalikuwa sokoni Sumbawanga, lakini yeye aliyeuza magunia mawili mwezi wa Julai hakuweza kununua hata moja mwezi ule. Watoto wake hawakuwapo nyumbani. Nikauliza, wako wapi? Akanionyesha nyumba ya mama mmoja mjane, upande wa pili wa njia.

Nikaenda. Watoto wake wanne walikuwa wameketi wakila uji wa ulezi pamoja na wajukuu wa yule mama. Mama aliponiona alisimama, akaniamkia kwa kupiga magoti kama desturi yetu, na kabla sijasema neno akasema, "Baba Mchungaji, nisamehe. Sikutoa gunia kwa ajili ya bati." Nikamwuliza kwa nini hakutoa. Akajibu, "Baba, mahindi ni ya malori, ulezi ni wa nyumbani. Mahindi yangu yalikuwa machache, nikaona haya kuyaleta. Na ulezi nisingeweza, maana sikujua nani atakuja kuuhitaji."

Sikujua nani atakuja kuuhitaji. Ndugu zangu, nimesoma Makumira, nimefanya mitihani ya maadili ya Kikristo, sijapata kusikia jambo la ghala lielezwe kwa maneno machache hivyo. Niliketi kwenye kigoda, wala sikumsamehe, kwa kuwa sikuwa na cha kumsamehe.

Tangu siku ile naisoma tofauti habari ya yule tajiri wa Luka sura ya kumi na mbili. Mtazameni anavyosema: ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Anazungumza na nafsi yake peke yake. Katika hadithi ile hakuna jirani hata mmoja. Yusufu naye alijenga ghala huko Misri, kubwa kuliko za tajiri yule, akaweka nafaka ya miaka saba, wala Maandiko hayamwiti mpumbavu. Siku ya njaa alifungua. Kwa hiyo mimi nasema, dhambi ya ghala haiko katika ukubwa wake wala katika miaka yake, iko mlangoni. Na Mtume Paulo anapowaambia Waefeso mtu afanye kazi kwa mikono yake, anataja sababu, nayo ni apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji. Mtu asiye na kihenge anaweza kumwonea jirani huruma, anaweza kumwombea, lakini uji hana. Mimi nilikuwa na bati.

Yuko atakayesema, "Mchungaji sasa anatufundisha tusiuze." Sivyo. Karo hailipwi kwa maharage, wala dawa hazitolewi kwa mayai. Tangu serikali ilipoweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima katika miaka ya 1970, watu wa Rukwa wamelima kwa kuuza, na mkoa wetu ukawa mmoja wa mikoa minne mikubwa ya nyanda za juu kusini iliyolisha nchi. Hiyo ni heshima yetu. Lakini katika mbio zile wengi waliacha ntumba, wakategemea mbolea ya dukani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ilipoondolewa walisimama katika mashamba yaliyochoka bila mbolea na bila majani ya kufukia. Baadaye ruzuku imerudi kwa namna mbalimbali, nasi tunashukuru. Hata hivyo nyumba ambayo chakula chake chategemea shauri linalokatwa mbali, na watu wasiojua jina la kijiji chake, haiko salama. Hesabu yangu mimi ni hii: watu saba nyumbani kwangu, gunia moja na debe mbili kwa kila mtu, hayo hayapandi lori hata bei iwe nzuri namna gani. Juu ya hayo ulezi kihenge kimoja, kwa kuwa ulezi hukaa miaka na wadudu hawausumbui, hali mahindi huliwa na dumuzi, mdudu yule aliyeingia nchini kupitia upande wa Tabora na kuitwa Scania. Yanayozidi, uza, tena usiuze Julai kama waweza kungoja.

Nimesema jirani ni sehemu ya kiambo. Nilipokuwa mwanafunzi nilialikwa likizo na mwenzangu wa Machame, nikaona kihamba cha nyumba yao. Migomba juu, kahawa chini yake, magimbi chini ya kahawa, ng'ombe bandani akiletewa majani toka tambarare, samadi yake ikirudi migombani, na maji ya mfongo yakipita kwa zamu. Mwaka 2011 shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo lilikitaja kihamba cha Shimbwe Juu miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Nilistaajabu sana, nikamwambia mwenzangu, "Ninyi hamhitaji mtu." Baba yake akasikia, akanisahihisha. Alisema mfongo haupiti katika shamba la mtu mmoja. Aliye juu akiufunga, aliye chini hana kihamba. Mchungaji Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefanya kazi miaka mingi kwa Wachaga hata mwaka 1938, alifundisha ya kuwa ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Injili haikuja kuvikata. Wengine walimlaumu kwa kupenda mno mambo ya kale, na pengine walikuwa na haki. Kwa habari ya ujirani nadhani aliona vizuri. Lakini kihamba nacho kina maumivu yake: baba hugawa kwa wana, wana kwa wajukuu, mpaka kila mmoja anabaki na migomba ya kuhesabika, na vijana wanashuka kwenda mjini. Sisi wa Ufipa bado tuna nafasi, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Kwa maana wenye fedha wameijua nafasi hiyo. Huja na gari, hutaja bei ambayo kijana hajapata kuiona, na eka za babu zinakwenda kwa pikipiki moja. Someni tena habari ya Nabothi. Ahabu hakuanza kwa kumwua. Alianza kwa kumwahidi shamba lililo bora au fedha halali. Nabothi alikataa kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake, haukuwa wake peke yake wa kuuza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetupa njia ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na sheria hiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Walimu, waelezeni wajane na mabinti jambo hili. Nimeona mama akifukuzwa na shemeji zake katika shamba ambalo yeye ndiye aliyefukia kila jani lililomo, na wazee wa kanisa wakinyamaza wakisema ni desturi. Kiambo kilichojengwa kwa kumfukuza mjane, hata kikiwa na ng'ombe kumi, mimi sitakibariki.

Baada ya juma tatu yule kijana alirudi kupata majibu. Nilimwambia ya kuwa si dhambi, bali aangalie mlango. Nikamwambia asianze na ng'ombe, kwa sababu kila kijana hutaka kuanza na ng'ombe, kisha hana majani wala banda. Aanze na kuku, ntumba na miti, kwa kuwa uwanda wetu umekuwa mtupu kwa moto wetu wenyewe. Nikamwambia mwaka wa kwanza atajuta, na mwaka wa pili pia, maana udongo haujibu upesi kama simu. Nikampeleka kwa yule mama mjane amfundishe kupindua majani, kwa kuwa mimi mwenyewe nilifundishwa vibaya. Mama alimtazama mikono, akasema italainika kwanza halafu itakomaa.

Mwezi wa Machi alianza ntumba zake, nusu eka tu, akapanda maharage. Nyumba yake ni ya chumba kimoja na ghala lake ni kubwa kuliko nyumba. Juzi, tulipotangaza mchango wa rangi ya jengo la ibada, alinijia baada ya ibada akasema kwa adabu, "Baba Mchungaji, mimi nitatoa, lakini mpaka kihenge kijae kwanza, nacho kitajaa mwakani." Nilimwambia ni vema. Wazee wa kanisa hawajakubaliana nami katika neno hili, nasi tutakutana tena Jumamosi.